Nirudishieni Mke Wangu, au Mtoe Hiyo Chanjo

Zachariah Nyangau,
Naibu wa Chifu (Mstaafu),
Mlimani juu ya Keumbu,
Kisii, Kenya.

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki Iliyomdunga Mke Wangu,
Minnesota, Marekani.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: CHANJO YA NIMONIA KWENYE MKONO WA KUSHOTO WA BI. NYANCHAMA

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya kawaida, ile ambayo mtu huimaliza kwa kuvaa sweta. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kilistaafu siku moja nami, na pia kwa sababu najua hutakosa msomaji. Nasikia katika kliniki yako ukiita jina moja la Kisii, wauguzi wanne huitika. Chagua mmoja, aketi, akusomee polepole, na asiruke pale atakapoona aibu.

Mimi nilikuwa naibu wa chifu hapa kwetu kwa muda mrefu. Nimeamua kesi za mipaka, nimemwaga pombe haramu ya chang'aa, nimewaketisha ndugu waliotishiana kwa mapanga wakala ugali kwenye sahani moja. Sikushindwa na mtu. Sasa nimeshindwa na sindano.

Mke wangu Nyanchama alikuja huko kwenu mwaka juzi kumlea mtoto wa kwanza wa mwanetu Duke na mkewe Sharon, ambaye ni muuguzi wa zamu ya usiku. Tulikubaliana kwamba mtoto akianza kutembea, bibi arudi. Mtoto akatembea. Nilipouliza tarehe ya safari, nikajibiwa kwamba sasa anatembea mno na anahitaji mtu wa kumfuata. Kabla sijajibu, akazaliwa wa pili. Kwa hivyo nina malalamiko yafuatayo, nayo nimeyapa namba usije ukasema hukuyaona.

1. Sikushirikishwa. Enzi zangu hakuna mkono uliodungwa katika kata yangu ndogo kabla ya mimi kutangaza kwenye baraza. Nilisimama mbele ya akina mama nikawaambia kinga ni bora kuliko tiba, na maneno hayo yakapakwa rangi kwenye ukuta wa zahanati kwa amri yangu. Nyinyi hamkuniandikia hata ujumbe wa simu. Niligundua kwa bahati tu, nilipomwona Nyanchama kwenye video akijisugua bega, nami nikadhani ni mjukuu amemwuma. Mkono huo, Daktari, niliutolea ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wazima, si wa kusimuliwa. Hata mzee wa kijiji angeniuliza kwanza. (Muuguzi unayesoma, kama Nyanchama yuko karibu, hapa ruka.)

2. Mmeniharibia mpango. Ukweli ni kwamba baridi yenu ndiyo iliyokuwa wakili wangu. Nilijua Duke hatanisikia, Sharon hatanisikia, na Nyanchama mwenyewe akimshika mjukuu huwa hasikii hata radi. Lakini nilijua pia kwamba hakuna mama wa Keumbu atakayestahimili theluji. Nikanyamaza, nikangoja Desemba ifanye kazi ambayo mimi nimeshindwa. Na ilianza vizuri! Mwaka wa kwanza alipiga simu akikohoa, akasema huko hata mate yanaganda. Nilipaka nyumba chokaa. Nilinunua godoro jipya. Nikamwambia mchungaji wetu aandae ombi la shukrani kwa Sabato yoyote itakayofaa.

Hapa niseme jambo lingine kwa sababu nimeapa kusema kweli. Kile kikohozi kilipokuwa kizito, na Duke akaniambia wameenda naye hospitali, sikufurahi tena. Nilitoka nikakaa kwenye shamba la majani chai mpaka giza likaingia, nikamwambia Mungu kwamba akitaka Nyanchama abaki huko basi abaki, mradi apumue. Lakini ombi hilo lilikuwa la dharura. Alipopona nililiondoa mara moja, na naamini Mungu alilirudisha faili mahali pake.

Ndipo nyinyi mkaingilia. Mlimwambia kwamba mtu wa umri wake anayeishi kwenye baridi hiyo yafaa achanjwe dhidi ya nimonia, mkamweleza vizuri kwamba haizuii kila kikohozi lakini inazuia ile mbaya. Baridi iliyofuata ilipofika, nilifungua video nikamwona mke wangu yuko nje, amevaa buti za Duke, anazoa theluji kwa sepetu. Anazoa na anaimba. Jirani Mzungu amesimama dirishani anamwangalia, na sepetu anayo mke wangu. Hapo nilizima simu nikaenda kulala bila kula.

3. Ng'ombe. Ng'ombe wetu wa maziwa hakubali kukamuliwa asiposikia sauti ya Nyanchama. Nimejaribu kumwimbia mwenyewe, nikavaa leso ya Nyanchama na kujipaka mafuta yake, lakini ng'ombe alinitazama kwa huruma kisha akapiga ndoo teke. Tangu hapo, kila alfajiri natundika simu kwenye nguzo ya boma. Huko kwenu ni jioni, wajukuu wamelala, na Nyanchama anaongea na ng'ombe. Anamwuliza habari za ndama. Anamwambia avumilie. Maziwa yanashuka vizuri kabisa mpaka bando iishe. Mimi nikikaa chini pale na ndoo yangu nasikia yote, na sijawahi kuulizwa habari zangu kwa utamu wa namna hiyo.

4. Mgongo. Sisi Abagusii tuna heshima zetu tunazoziita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani ovyo, na chumba changu cha kulala mkazamwana haingii hata nyumba ikiungua. Hapa bomani nimebaki na Mokeira, mke wa mwanangu Bravin, binti mzuri sana. Chakula ananiwekea mlangoni, anagonga, halafu anarudi nyuma mpaka kwenye migomba. Sasa Julai iliyopita kifua kilinikamata. Nilikohoa mpaka kuku wakahama. Mokeira alisimama nje ya ukuta akasoma kwa sauti maagizo ya Nyanchama kutoka kwenye simu: maji ya moto, majani ya mkaratusi, kisha apakwe mafuta mgongoni. Maji nilipata, majani nilipata. Lakini mgongo wa mzee una mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki, Daktari, na anayeruhusiwa kufika hapo yuko kwenu anazoa theluji. Nilijisugua kwenye mwimo wa mlango.

5. Mmeeneza. Ile video ya sepetu Duke aliiweka kwenye kundi la ukoo, na Sabato iliyofuata akina mama wote wa kanisa walikuwa wameiona. Zamani mama wa hapa akiitwa na watoto ng'ambo, alikuwa akiogopa: huko ni baridi, nitarudi nikiwa ndani ya sanduku. Hofu hiyo imelinda ndoa nyingi katika milima hii. Leo wanaulizana tu ni mkono upi unaodungwa. Eucabeth, mke wa jirani yangu Mogaka, ameshafunga begi na hana hata mtoto aliye ng'ambo. Anasema atampata huko huko. Wazee tumeunda kamati, mimi ni mwenyekiti, na katika mkutano wa kwanza hakuna aliyejua kupika chai.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, mtoe hiyo chanjo. Kama iliingia kwa mkono, sioni kwa nini isitokee mkono huo huo. Ikiwa utaalamu wenu haujafika hapo, basi mumdunge nyingine ya kumfanya atamani migomba na mvua ya saa nane kuliko wajukuu. Ikiwa nayo haipo, mtengeneze chanjo ya kukinga wajukuu, ipewe Duke haraka, maana namjua mwanangu na nina wasiwasi kuna wa tatu njiani. Na ikiwa yote yamewashinda, nitumieni kwa posta chanjo ya upweke. Nitajidunga mwenyewe. Ng'ombe atanishikia taa.

Nisipopata jibu, nitapeleka jambo hili mbele: kwa chifu, kwa naibu wa kamishna wa kaunti, na ikibidi kwa mama yake Sharon kule Kenyenya, ambaye mimi mwenyewe namwogopa.

Nisalimie madaktari wote, mfagizi, na yule jirani Mzungu wa dirishani, umwambie ashike sepetu naye. Wasalimie wauguzi wetu wote hapo, na mmoja wao, mtoto wa Nyakundi wa hapa kwetu, akumbushwe kwamba mama yake amekaa na simu mkononi tangu Pasaka. Mungu aibariki kliniki yako, isipokuwa chumba cha sindano.

Aliyeonewa, na bado kwa heshima,

Zachariah Nyangau
(Muhuri nilirudisha serikalini. Chukulia kwamba upo.)

Tanbihi: Daktari, nilikuwa nalamba bahasha Nyanchama akapiga simu. Si kwa ng'ombe. Kwangu. Anasema tiketi ya kurudi Duke ameshakata, walikuwa wananificha wapate kunishangaza Krismasi. Nilitaka kusema neno la kiume lakini nikaanza kukohoa, na akasikia. Akaniuliza nimekohoa tangu lini. Nikasema kile cha Julai kiliisha, hiki ni tangu jana. Mokeira, kutoka kwenye migomba, akasema tangu Julai.

Sasa Nyanchama ameapa kwamba hapandi ndege mpaka anione kwenye video nikiwa na plasta begani, maana mzee wa umri wangu kwenye baridi ya mlima huu anastahili sindano ile ile aliyodungwa yeye. Akaniambia kinga ni bora kuliko tiba. Aliniambia mimi.

Kwa hiyo tafadhali msiutoe mkono wake kitu chochote. Mwacheni na chanjo yake yote, Julai ya huku si mchezo na nataka akae. Hospitali moja mjini Kisii imesema sindano ipo. Muuguzi wa zamu ni Beverlyne, ambaye ni mke wa mtoto wa ndugu yangu, kwa hiyo kwa chinsoni siwezi kumvulia shati. Nimempigia simu tumeafikiana: nitakata mkono wa shati hili kuukuu, nitatazama ukutani, naye atatazama sindano, na baadaye hakuna kati yetu atakayekumbuka. Pikipiki imefika, inapiga honi.

Futa malalamiko yote. Bakiza la nne tu, la mgongo. Hilo usilifute mpaka afike.