Barakoa Ishirini za Katindiuka

Fridolin hakuwahi kuuza kitu ambacho yeye mwenyewe angekubali kukinunua. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake ya biashara, na aliishika kuliko wengine wanavyoishika Kwaresima. Kwa hiyo aliposikia, akiwa kwenye kiti cha kinyozi pale Lipangalala, kwamba Adolf mkandarasi amepata kazi ya kusafisha ghala bovu la dawa za mashamba kule Katindiuka, na anatafuta barakoa za bei ya chini kabisa, aliinuka akiwa amenyolewa shavu moja tu.

Siku ya nne alifika ghalani na pikipiki yake, koti jeupe, na gunia la barakoa ishirini za kufunika uso mzima. Moja ilikuwa halisi. Aliiazima kwa binamu yake anayepuliza dawa mashambani huko Kidatu. Kumi na tisa alizitengeneza mwenyewe kwa sponji ya godoro, plastiki ya chupa za maji, mikebe ya maziwa na rangi nyeusi. Ukizitazama harakaharaka, zote zilikuwa ndugu.

"Zinazuia vumbi, zinazuia gesi, zinazuia mpaka umbea," alisema.

Adolf alicheka, akalipa palepale. Mpenda rahisi hana maswali.

Aliyekuwa nayo ni Mama Brigitha, msimamizi wa vibarua. Unga wa sumu ulikuwa umelala kwenye sakafu ya ghala lile miaka thelathini, na ukifagiwa, unapaa. Mumewe, Tadei, aliwahi kufagia ghala kama hilo akiwa amejifunga kanga usoni. Mpaka leo hafiki kanisani bila kupumzika mara tatu njiani. Brigitha aliogopa, wala hakuificha hofu yake.

"Shikamoo, mama," Fridolin alimsalimu kwa sauti ya asali.

"Marahaba, mwanangu. Kwetu Mahenge mwenye pombe huonja kwanza, wageni wakimwona. Nawe onja."

Akaagiza jiko la mkaa liingizwe kwenye kibanda cha mlinzi, akalimwagia kopo zima la pilipili kichaa kavu, kama anavyofukuza panya kwenye mpunga wake. Sumu yenyewe hakumtakia mtu, hata mwongo.

Fridolin nusura acheke. Alivaa ile halisi, akaingia, akaimba wimbo wa kwaya beti mbili, akatoka macho makavu. Vibarua wakapiga makofi.

"Haya, kazini!" akasema Adolf.

"Bado." Brigitha alimvua Fridolin ile barakoa, akaivaa shingoni mwake. "Hicho ni chungu kimoja. Mwenye pombe huonja kila chungu. Vimebaki kumi na tisa."

"Mama, mwenzio nina mafua."

"Pilipili ndiyo dawa yake."

Akamchagulia nyingine guniani. Safari hii wimbo haukumaliza mstari. Fridolin alitoka akipapasa ukuta, machozi na kamasi vikishindana, mkebe ukining'inia sikioni. Rangi ilikuwa imechuruzika, na picha ya ng'ombe ikawa inawatazama vibarua.

Alikiri yote, mpaka binamu. Vibarua wakamgeukia Adolf: hagusi mtu fagio hapa. Adolf akatazama viatu vyake. Brigitha akachomoa ufunguo wa pikipiki.

"Hii tunakutunzia. Mwendee huyo binamu yako akuonyeshe zinakouzwa za kweli. Ishirini. Hela ya bosi si unayo?"

Fridolin alipanda basi. Kesho yake jioni alirudi na ishirini halisi. Hela ya Adolf ilikuwa imekwisha, na yake juu. Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Kibandani jiko lilikuwa limeshawaka, na kopo la pilipili lilikuwa jipya.

"Karibu, mwanangu," alisema Brigitha. "Vyungu ishirini."

Fridolin alikaza mikanda ya barakoa ya kwanza, akafanya ishara ya msalaba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwomba Mungu bidhaa aliyoiuza iwe ya kweli.