Safari Yangu ya Bhutani, Hadi Mwimbi

Jumatatu, 26 Septemba 2022

Nina hasira. Mwandiko ukiwa mbaya, shauri yake.

Jana kikao cha familia. Ajenda: sendofu, sherehe ya kumuaga Bertilla kabla ya harusi, binti yangu wa kwanza, niliyemfundisha baiskeli hapa hapa mtaani Malangali, Sumbawanga, mpaka magoti yakachubuka. Magoti yangu, si yake. Tarehe: Jumamosi, 29 Oktoba. Sawa. Ukumbi, sawa. Likaja suala la nani asimame kusema neno la familia na kumkabidhi binti kwa wakwe. Nikakohoa, nikanyoosha tai. Tai niliivaa kwa sababu hiyo tu.

Wakamchagua Maximilian.

Maximilian, kaka wa mke wangu! Eti amesafiri, ameona watu. Pasaka iliyopita alikwenda hija Yerusalemu, na tangu hapo hakuna msiba wala ubatizo ambao hajauelezea Mto Yordani. Nikasema baba, yaani mimi Polikarp, yupo hai, amekaa hapa, ana tai. Silvana, mke wangu, akakumbusha watu kwamba kwenye harusi ya mdogo wake nilisema neno mpaka wapishi wakaondoka. Uongo. Aliondoka mpishi mmoja.

Bertilla aliangalia chini muda wote. Hakunitetea. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 27 Septemba

Kibandani. Natengeneza redio ya mteja na kuisikiliza hapo hapo, maana huwezi kujua imepona bila kuisikiliza. Taarifa ya habari: nchi ya Bhutani, ufalme wa Wabudha huko milima ya Himalaya, imefungua tena milango kwa watalii baada ya kuifunga kwa ajili ya korona. Ina mahekalu ukingoni mwa majabali. Ina mfalme. Na serikali yao inapima furaha ya wananchi.

Nikaacha bisibisi.

Nani Sumbawanga amefika Bhutani? Hakuna. Nani Rukwa nzima? Hakuna. Yerusalemu watu wanakwenda kwa mabasi mabasi. Bhutani ni mimi.

Nimemwambia Silvana nakwenda, nitarudi kabla ya sendofu. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha ametoka kuchota maji. Kufikia saa sita mtaa mzima ulikuwa unajua.

Jumatano, 28 Septemba

Ushindi! Wazee wa familia wamepita kibandani. Wamesema kama ni kweli nakwenda kwa mfalme wa milimani, basi nikirudi neno nitasema mimi, mtu aliyefika kule hawezi kukalishwa kimya. Maximilian alikuwepo. Aliuliza kama huko kuna ubalozi wetu. Nikamwambia mimi siendi kutembelea ubalozi.

Bertilla amenipigia simu. Amesema angependa sana iwe mimi, basi tu nifanye fupi. Nimefurahi, ila hilo la ufupi kalitoa kwa mama yake.

Ijumaa, 30 Septemba

Nimempigia kijana wa wakala wa safari Dar es Salaam. Amenieleza kwa adabu kwamba ile nchi haitaki watalii wengi, kwa hiyo inamtoza mgeni kila siku anayokaa, mbali na chakula, mbali na ndege. Nikauliza wanatoza nini hasa, hewa? Akasema ndiyo, kwa namna fulani ni hewa, wanatunza misitu. Sisi hapa upepo unatupiga mwaka mzima na hatujamtoza mtu.

Akauliza kama nina pasipoti. Swali la dharau. Nikakata simu.

Basi siendi. Nitatafuta namna ya kuwaambia.

Jumapili, 2 Oktoba

Wameniaga.

Sikuwaambia! Nilikuwa natafuta maneno. Baada ya misa, jumuiya nzima imejaa uwanjani kwangu, mwenyekiti Mama Agnesi mbele, nyimbo, sala ya msafiri, wali, kuku. Nimepewa sweta. Nimepewa unga wa ulezi, eti nisife njaa kwa Wabudha. Asnath muuza samaki ameleta migebuka mikavu, anataka nimletee picha ya mfalme. Bibi mmoja mlemavu wa macho amenishika kichwa akalia. Maximilian amesema maneno ya kunitakia heri, marefu, na Yordani ndani yake.

Hapa ndipo watu wa nje wasipotuelewa. Mtu akishaagwa Malangali, ameshaondoka. Ukila wali wa kuagwa kisha kesho yake uonekane sokoni unanunua nyanya, utakuwa kichekesho mpaka kwa wajukuu. Bora niwe nimekufa. Kwa marehemu hakuna anayemuuliza mbona bado yupo.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepanda basi la Mbeya alfajiri, na sanduku, na sweta. Walikuja kunipungia mkono. Silvana pia, ila ananiangalia kama anayeangalia sufuria ya maziwa.

Nimeshuka njiani, Laela. Nikachukua bodaboda hadi Mwimbi, kwa Shangazi Justina, dada wa marehemu baba. Vumbi mpaka kwenye meno. Mpango ni rahisi: nakaa hapa kimya, tarehe 22 narudi nikiwa nimefika Bhutani, tarehe 29 nasema neno.

Nilimpa shangazi shikamoo. Akaitikia, akasikiliza habari yangu yote, kisha akaniuliza kama huko Bhutani wanabeba samadi. Nikasema sijui. Akasema basi nitajua, maana mvua zinakaribia na shamba lake halijaguswa.

Alhamisi, 6 Oktoba

Samadi.

Ijumaa, 7 Oktoba

Samadi. Mgongo umekufa. Shangazi amekaa kivulini anapepeta ulezi na kunihoji. Anataka kujua hao Wabudha wanaamini nini. Nimemwambia wanakaa kimya, wanafumba macho, wanaachilia hasira na tamaa. Akasema hao ni watu wazuri, kwa nini sikwenda kweli?

Nikaitupa ndoo. Kisha nikaiokota, kwa sababu alikuwa ananiangalia.

Jumapili, 9 Oktoba

Kwenye kundi la wasapu la familia Maximilian ameandika kwamba wana wasiwasi nami, mbona kimya, au simu za Bhutani hazina kamera? Akaweka kikaragosi kinachocheka. Damu imenichemka.

Nimempata Nyanda, Msukuma anayelisha ng'ombe zake kule mlimani. Mrefu, mtulivu, shuka jekundu begani. Ukifinya jicho kidogo unaona mtawa wa Kibudha kabisa. Nimemwomba akae juu ya jiwe, akunje miguu, afumbe macho. Akauliza kwanza kama namwingiza kwenye dhehebu. Nikasema hapana. Akauliza kama dume lake linaweza kuwemo, maana hajawahi kupigwa picha bila ng'ombe. Nikakataa. Akashuka jiwe. Nikakubali.

Picha imetoka safi sana. Mlima, ukungu, mtawa, mimi na sweta. Dume limeingiza kichwa pembeni. Nimeandika chini yake kwamba niko na mwalimu mkuu wa hekalu, amani tele.

Jumatatu, 10 Oktoba

Maximilian ameikuza picha. Ameuliza mbele ya kundi zima kama Bhutani nao wanahifadhi mahindi kwenye vihenge. Kihenge cha shangazi! Nyuma ya bega la Nyanda, kinaonekana mpaka mlango. Nimejibu kwamba watu wote wa milimani duniani wana vihenge. Akauliza kuhusu chapa ya moto ya mwenye ng'ombe kwenye dume. Nimejibu kwamba Wabudha wanapenda wanyama.

Huyu mtu ana roho mbaya. Mtu mwema angeangalia mlima.

Jumatano, 12 Oktoba

Balaa.

Silvana ameandika kwenye kundi. Edwin, mkwe mtarajiwa, mwalimu huko Mpanda, amebadilishiwa likizo. Harusi imerudishwa nyuma. Sendofu ni Jumamosi hii. Keshokutwa ya kesho! Hawakuniuliza. Hawakumwuliza hata mtu aliye nje ya nchi!

Mtu hawezi kutoka Himalaya Jumatano akawa Sumbawanga Jumamosi ananukia samadi. Hata Maximilian angeweza kupiga hesabu hiyo.

Shangazi anasema niende nikaseme ukweli, watu watacheka siku moja. Hajui watu wa kwetu. Siku moja!

Alhamisi, 13 Oktoba

Bertilla amepiga simu. Alianza kwa sauti ya chini, nikajua yuko peke yake. Amesema anajua niko Mwimbi. Amejua tangu picha, maana utotoni alikuwa anacheza kujificha ndani ya kihenge kile. Amesema hana hasira. Ameomba nije tu. Nipitie mlango wa jikoni, yeye atasema ndege imewahi, na atakayecheka atashughulika naye mwenyewe. Amesema hataki mjomba. Anataka mimi.



Nilitaka kusema nakuja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikamwona Maximilian akilini, amesimama mlango wa jikoni, ananiuliza habari za safari. Nikasema haloo, haloo, mtandao wa huku milimani ni mbaya sana, mwanangu, sikusikii.

Akasema sawa, Baba. Nikakata.

Nimekwenda kubeba samadi bila kutumwa.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimeamua kwenda! Alfajiri nimeoga, nimevaa suti, nimefunga tai. Shangazi amenibariki, kitu ambacho hajakifanya tangu nifike. Neno nimelifupisha. Limebaki zuri sana. Nimepanda gari la Sumbawanga, nimekaa dirishani, nalirudia moyoni.

Kituo cha kwanza tu akapanda Asnath. Asnath muuza samaki! Alikuwa ametoka kwa dada yake, anawahi sendofu yangu mimi. Akakaa pembeni yangu. Akaniangalia. Akaangalia suti. Akauliza kwa upole kama hii ndiyo njia ya Bhutani.

Nikasema ananifananisha. Mimi ni ndugu yake Polikarp, tumefanana sana.

Akasema ahaa. Akasema hakujua Polikarp ana ndugu pacha. Basi twende wote, familia itafurahi, na kwa kuwa mwenyewe yuko mbali, huyu ndugu ndiye anayefaa kabisa kumkabidhi binti. Gari zima likaunga mkono. Mzee mmoja wa nyuma akasema ndiyo desturi. Mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, najua, sasa hivi najua. Lakini nilichokifikiria pale ni kwamba nikisema mimi kama pacha, sifa atapata pacha.

Nikamwambia dereva asimamishe. Nikashuka. Asnath akatoa kichwa dirishani akasema nimfikishie Polikarp salamu.

Nimerudi Mwimbi kwa miguu na viatu vya sendofu. Shangazi aliniona kwa mbali, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimerudi Malangali kama ilivyopangwa. Nimeshuka stendi na sanduku na sweta. Hakuna aliyekuja kunipokea. Nimepita mtaani polepole ili nionekane. Watu wamenisalimu, wakaendelea na shughuli zao. Mama Agnesi ameniuliza kama shangazi hajambo.

Nyumbani Silvana amenipakulia ugali na maharage. Nimekula. Kisha nikauliza, kwa kawaida tu, Maximilian alizungumza muda gani.

Hakuzungumza. Bertilla alimkataza. Silvana amenieleza huku anaosha vyombo, hanitazami. Ilipofika zamu ya neno la baba, mshereheshaji alitaka kuruka, Bertilla akasema hapana. Akaomba kiti kiwekwe mbele. Kitupu. Akapiga magoti na gauni lake lile, akapiga makofi taratibu kama Wafipa tunavyompa mkubwa heshima, akakiaga kiti. Maximilian alilia, Silvana anasema. Alilia mpaka akatolewa nje.

Nilitoka uani. Nikasimama kule kwa kuku muda mrefu.

Jumapili, 23 Oktoba

Nimelitafakari usiku kucha na sasa nimeelewa. Maximilian alilia makusudi. Hakupewa neno, kwa hiyo akatafuta njia nyingine ya kuangaliwa. Leo kanisani kila mtu anamshika mkono na kumpa pole. Pole ya nini? Kiti kilikuwa changu!

Na baada ya misa ametangaza kwamba mwakani anakwenda Roma.

Jumanne, 25 Oktoba

Kibandani. Redio ya mteja mwingine. Kuna kipindi cha nchi za mbali: Mongolia. Nayo ina Wabudha. Nyika tupu, farasi, mahema, upepo. Watu wachache mno, hakuna wa kuikuza picha yako. Nimeshusha bisibisi nikasikiliza mpaka mwisho.

Mchana Bertilla amepiga simu kutoka Mpanda, kwa mumewe. Sauti yake ni nzuri, ameshazoea. Amesema yeye na Edwin wamenitengea chumba, nije mwezi ujao, mimi peke yangu, nikae nitakavyo. Jirani hawanijui, hakuna atakayeniuliza chochote. Wataandaa chakula, na nikitaka, nitasema lile neno langu mezani, lote, hata refu.

Nimemshukuru sana. Nimemwambia sitaweza, mwezi ujao niko Mongolia.