Magari Mia Nne kwa Siku

Mtu mwingine akiona wafanyakazi wawili wa serikali wamekaa kando ya barabara wakihesabu magari, atapita na hamsini zake. Daktari Dakika alisimama. Aliona mwenye duka akiwaletea soda baridi, mwenye gereji akiwakimbizia viti, na mzee mmoja mwenye kiwanja akiwapepea kwa gazeti. Akauliza kulikoni. Akaambiwa hesabu yao ikipanda, lami itapita hapo hapo. Moyo wake ukacheza ngoma. Miaka yote aliwatapeli watu kwa dhahabu bandia, kumbe kalamu na karatasi zilitosha!

Udaktari wake hakuupata popote. Kazi ya kuhesabu magari aliwahi kuifanya kweli, miezi miwili, akafukuzwa ilipogundulika kwamba alikuwa akiyahesabia kitandani. Sasa alinunua kizibao kinachong'aa, meza ya kukunja na mwavuli mkubwa, akaanza ziara ya miji. Kufikia mji wa tano begi lake lilikuwa limenona. Mji mmoja tu zaidi, alijiapia, kisha anastaafu kwa heshima zote.

Mji wa sita alichagua mtaa wa pembezoni, wenye vumbi la kutosha na matumaini kupita kiasi. Akawakusanya wenye biashara.

"Ndugu zangu, serikali haijengi barabara kwa huruma. Inajenga kwa faida! Tunahesabu magari. Tunauliza, kila abiria ataokoa dakika ngapi lami ikipita? Tunaipa dakika thamani, tunazidisha kwa miaka ishirini. Nikiandika dakika tatu, mnakula vumbi. Nikiandika kumi na tatu..."

"Tunakula lami!" akadakia mwenye gesti, macho yamemtoka.

"Umesema wewe. Ila kuzitafuta hizo kumi za ziada kuna gharama ndogo ya utafiti."

Maneno yake yangemtoa nyoka pangoni. Mwenye gesti alilipa papo hapo, fundi cherehani akatoa akiba ya cherehani mpya. Aliyebaki ni Mama Mbao, mjane mwenye karakana ya mbao mwisho wa mtaa, aliyekuwa akitafuna kijiti cha meno kama hakusikia kitu.

"Mimi sinunui makadirio, mwanangu. Hesabu kwanza, siku tatu, hapa mbele ya geti langu. Magari yakiwa mengi, nitakupa kuliko hawa wote. Chai juu yangu."

Kuliko wote! Daktari akakunjua meza. Mama akavuta kigoda karibu naye.

"Na hao madereva unawaandika majina?"

"Majina ya nini, mama? Barabara hailiwi na dereva, inaliwa na ekseli. Mhesabu wa kweli hainui macho. Anatazama magurudumu tu."

"Haya, kumbe!" alisema Mama Mbao, akaenda kuchemsha chai.

Kwa kuwa mama alikuwa akitoka kila mara na birika, hapakuwa na namna ya kusinzia. Ikabidi Daktari Dakika ahesabu kwa haki, mara ya kwanza maishani mwake. Tumwombee, maana haki ina madhara yake kwa wasioizoea.

Siku ya kwanza, magari mia nne na kumi. Akasugua macho. Siku ya pili, mia nne na arobaini! Malori ya mbao, malori ya mchanga, malori yaliyofunikwa turubai, pikapu zikifukuzana. Vumbi lilijaa kwenye chai, naye akalinywa kwa furaha. Siku ya tatu alijumlisha, akajumlisha tena. Idadi hii haikuhitaji uongo. Serikali yenyewe ikija kuhesabu, lami itamwagwa mwaka huu huu, na kipande cha ardhi hapa kitakuwa almasi. Yeye alikuwa akiuza ndoto kwa watu huku ndoto ya kweli imelala mbele ya pua yake!

"Mama," alisema kwa sauti ya asali, "hiki kiwanja chako hukichoki?"

"Kiwanja cha marehemu? Hapana, baba. Tena kwa magari haya?"

"Makadirio yameshuka kidogo."

"Yakipanda nitakuita."

Akaongeza bei. Mama akatikisa kichwa. Akaongeza tena, mama akafuta chozi kwa ncha ya kanga akimtaja marehemu. Mwisho Daktari akaweka begi zima mezani, jasho la miji sita, jasho la watu wengine lakini jasho. Mama akakubali kwa shingo upande. Wakaenda kwa wakili kabla jua halijazama, na Daktari Dakika akatia saini hati pekee halali aliyowahi kuigusa.

Siku ya nne aliamka na kwenda kuyatazama magari yake. Saa moja, hakuna. Saa tatu, akapita mwanamke na toroli. Saa tano, mbuzi wawili. Akakimbilia ndani ya karakana. Ilikuwa tupu, mbao ya mwisho ikipakiwa kwenye lori. Nyuma yake pikapu na malori mengine kumi yamejipanga, shemeji na wakwe wa Mama Mbao wakicheka kwenye usukani.

"Mama! Magari yako wapi?"

"Si hayo hapo? Kumi na moja. Yamechoka, maskini. Siku tatu yanazunguka nyuma ya karakana na kurudi, mara na mchanga, mara na turubai."

"Umeniibia!"

"Mimi? Nimekutajia hata namba moja? Nani alihesabu?"

Daktari Dakika akatishia kwenda polisi.

"Nenda, mwanangu. Uwaonyeshe na cheti cha udaktari. Pesa za mwenye gesti na fundi nimeshawarudishia, usijisumbue nazo." Akapanda lori, akakaa pembeni ya dereva. "Ndugu zangu, twendeni. Miaka sita nakitafutia hiki kiwanja mnunuzi."

Injini zikanguruma. Lori lilipofika getini likasimama, dirisha likateremka, na jozi ya mabuti ya mpira ikaangukia miguuni pa mwenye kiwanja mpya.

"Vaa hayo," alisema Mama Mbao kwa upole wa mzazi. "Mvua zinaanza wiki ijayo, na hapo ulipo maji hufika kiunoni."