Kuzoesha Injini Kabla ya Krismasi

Jumatatu, 8 Desemba

Mshtuko wa kwanza: gari limefika! Jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Binti yetu Nice kalinunua ili mimi na mama yake twende nyumbani Machame, Kilimanjaro, Krismasi hii kwa gari letu. Miaka yote ya ualimu nimekwenda kwa basi. Safari hii nitapiga honi langoni kwa kaka yangu! Tunaondoka tarehe ishirini.

Mshtuko wa pili: nimesoma kitabu cha gari. Injini mpya ni kama kiatu kipya cha shule. Ukikimbia nacho siku ya kwanza, utachechemea muhula mzima. Pete za pistoni na kuta za silinda bado hazijazoeana. Kwa hiyo kilomita elfu moja za mwanzo usikanyage mafuta kwa nguvu, usishikilie mwendo mmoja muda mrefu, na usivute kitu chochote nyuma ya gari. Nimemsomea mke wangu Euphrasia mara mbili. Ya pili alikuwa amelala.

Jioni kapita kaka yake, Ansbert. Kasema, "Shemeji, gari ni punda, lichape likujue." Na la kwake linatoa moshi kama tanuri la mkaa! Kamwambia Euphrasia ana nafasi kwenye gari lake, ikitokea la kutokea. Litokee lipi?

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Siku za kazi foleni ya Kariakoo hainipi kilomita za kutosha hata kupasha tairi moto. Leo barabara nyeupe! Nikashuka na gari mpaka mtaa wa Gerezani. Ishirini, hamsini, thelathini, sitini, ishirini. Mwendo juu, mwendo chini, kama kitabu kinavyotaka.

Trafiki kanisimamisha! Msichana mwenye umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Kanipa shikamoo, kisha kanipa kifaa nipulize. Mimi! Ambaye hata mbege, pombe yetu ya ndizi, naonja kwa heshima ya mwenye nyumba tu. Nikapuliza. Hakuna kitu. Nikamfafanulia pistoni, silinda na msuguano. Nilipofika kwenye mafuta ya injini alinirudishia leseni na kuniomba, tafadhali mzee wangu, niondoke. Nilimaliza maelezo kwanza.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimepata! Jirani wa chini, Idrisa, mwenye duka la vitenge, anamwozesha binti yake Zulekha keshokutwa. Anatafuta magari ya msafara. Sasa, msafara wa harusi Dar huendaje? Unafuata pikapu ya matarumbeta. Unasogea, unapunguza, unaongeza kidogo, unazunguka mjini ili kila mtu aone. Utadhani mwandishi wa kitabu alialikwa! Nimejitolea gari. Idrisa kanikumbatia, karibu alie. Hajui nani anamsaidia nani.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku ya harusi.

Walinijazia mashangazi wa bibi harusi, kiongozi wao Bi Moza. Mwanzo peponi. Injini inanong'ona, mashangazi wanaimba, mimi nawaeleza juu ya pete za pistoni. Kufika Mtaa wa Msimbazi, pikapu ya matarumbeta ikazima katikati ya barabara. Pikapu kimya. Matarumbeta hayakunyamaza!

Bi Moza akanigonga bega. "Mwalimu, harusi hailali njiani. Si una gari jipya wewe?" Nikaanza kumweleza kitabu kinavyokataza kuvuta. Kabla sijafika mwisho wa sentensi nilikuwa nimeelekezwa mbele ya pikapu, na kamba imeshafungwa. Mashangazi wakapiga vigelegele. Nakiri vilinipanda kichwani. Nikakanyaga mafuta.

Nimevuta pikapu, ngoma kubwa na wapuliza tarumbeta wote, waliokataa kushuka wasichafue suti nyeupe! Wamachinga wanashangilia. "Babu, rudi utuvute na sisi!" Harufu ya kitu kuungua. Mnazi Mmoja, pembeni, mtu kasimama ananipiga video huku kajishika mbavu.

Ansbert!

Jumatatu, 15 Desemba

Video imefika kwenye kundi la ukoo kabla mimi sijafika kitandani. Kaka yangu kauliza kutoka Machame tangu lini nimeanza kazi ya kuvuta magari. Hakuna hata mmoja aliyeulizia pistoni!

Fundi wa Gerezani kakagua. Injini haina tatizo. Harufu ile ilikuwa ya breki ya mkono, sikuwa nimeishusha. Safari nzima! Nikatazama kilomita: hata mia mbili hazijafika. Nimefikiri kwa kina. Nimemwambia Euphrasia tuahirishe safari mpaka injini iwe tayari. Akachukua simu na kumpigia kaka yake.

Jumamosi, 20 Desemba

Kaondoka! Kakaa kiti cha mbele kwa Ansbert, sanduku lake juu ya mapaja. Kasema, "Baba Nice, maharage yapo kwenye friji. Mkielewana na huyo mwenzio, gari lako la kitabu, karibuni." Moshi wao ulibaki mtaani mpaka nikamaliza chai.

Jumatano, 24 Desemba

Mji mtupu. Wachaga wote wamekwenda Kilimanjaro kuhesabiwa, kama tunavyotaniwa kila Krismasi, nimebaki mimi na gari. Euphrasia kapiga simu. Nyuma yake nasikia wajukuu, mbuzi, na Ansbert akicheka. Kasema barabara ya kwenda huko ina milima na mabonde, unapunguza na kuongeza njia nzima, si ningeizoesha injini njiani tu?

Nimeshtuka. Mwanamke msomi kabisa! Nikamweleza kwa utulivu kwamba injini huzoeshwa kwanza, safari huja baadaye. Nikaanza tena tangu pete za pistoni. Baadaye nikagundua simu kaiweka mezani na wote wanakula.

Haidhuru. Harusi ndiyo iliyokuwa kosa: shangwe nyingi mno. Kinachotakiwa ni msafara wa polepole wenye watu watulivu. Nimempigia Elibariki, katibu wa jumuiya yetu kanisani, nikamwambia gari langu lipo tayari kwa msiba wowote. Kauliza kama nimesikia kuna mtu anaumwa.

Nikamwambia hapana, ila mimi naweza kusubiri.