Moyo Ule Ulikuwa Salamu Tu

Kwa Mheshimiwa Direkta wa Matangazo,
Mtandao wa picha wenye kidole gumba na moyo mwekundu,
Huko huko mliko.

Amahoro, Mheshimiwa. Natumaini nyumbani kwako wote wazima, na mama yako hajambo.

Mimi ni Mariyamu, Mama Jamali, muuza mawese katika soko la Rumonge. Kama Jamali humjui, uliza Bujumbura. Amesoma informatiki, mambo ya kompyuta, mpaka walimu wake wakaomba kupumzika. Diploma yake tumeitundika pembeni ya saa, ili mgeni asijue ni saa ngapi bila kujua kwanza Jamali ni nani.

Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu. Idi iliyopita, mbele ya majirani wote, mwanangu huyo alinipa zawadi. Nilifungua karatasi nikijua ni kitenge. Ilikuwa jile ya rangi ya machungwa, ile wanayovaa watu wa boti wasizame, pamoja na filimbi yake. Mimi sijapanda boti tangu nizaliwe! Bi Sharifa wa nyumba ya pili akaniuliza kama navuka kwenda Kigoma sasa hivi, au nangoja pilau kwanza.

Najua kosa limetoka wapi. Jamali aliwahi kunieleza kwamba nyinyi mnaangalia kila mtu anabonyeza nini, mnajua anapenda nini, kisha mnawashauri watoto wake wamnunulie nini. Kazi nzuri, nawapongeza. Lakini malalamiko yangu ni haya:

1. Hamjui salamu. Huku kwetu jirani akiweka picha, unabonyeza moyo kama unavyoitikia hodi. Usipobonyeza, kesho sokoni anakupita kama mti. Nasoro akiweka injini mpya ya boti yake, nabonyeza. Vestine akiweka jino la mtoto wake lililong'oka, nabonyeza. Sitaki injini. Wala sitaki jino.

2. Pontiani seremala ni mtu mpole sana, na kazi yake ni majeneza. Kila akimaliza moja, analipiga picha. Sasa ninyamaze kama sina adabu? Nikabonyeza. Tangu hapo kila nikifungua telefone mnanionesha majeneza, mengine yana vioo pembeni. Juzi mmeniuliza kama nataka la kawaida au la kifahari. Mheshimiwa, nina afya nzuri.

3. Ninachokipenda kweli ni vitenge, lakini vitenge sivibonyezi. Nitabonyezaje, na Bi Sharifa anaona? Atakimbia kununua kabla yangu. Kitu ninachokitaka nakipita haraka, macho mbele. Mtu mwenye akili angejua hapo hapo.

Kwa hiyo, bila kuwasumbua, naomba yafuatayo.

4. Wekeni kitufe kingine cha salamu, cha amahoro tu. Na mtu akikipita kitenge mbio, muelewe kwamba anakitaka.

5. Idi kubwa inakaribia na Jamali anakuja tena. Akifungua mpira kwenye telefone yake, aone kitenge. Akifungua habari, kitenge. Akitaka kumwandikia msichana, kitenge kwanza, cha bluu, chenye maua makubwa, halafu ndiyo aendelee.

6. Kwa kuwa tumemtaja msichana: mapendeleo ya wasichana wote mnayo. Nitafutieni mmoja anayependa ndagala wa Gitaza, dagaa wetu wa ziwani, na aliyebonyeza moyo kwenye picha za mama wakwe kwa kupenda, si kwa salamu. Jamali ni mrefu, na meno yake yote iko.

7. Mkiona kazi ni ngumu kutoka mbali, mleteni mfanyakazi wenu akae kwangu. Chumba iko. Atakula vizuri, na nitamwonesha ninachokitaka kwa kidole changu mwenyewe. Afadhali awe msichana, kwa sababu ya namba 6.

Msiponisikia, Idi hii mwanangu ataniletea jeneza, na itanibidi nishukuru mbele ya watu.

Wasalimie wafanyakazi wako wote, na wazee wao, na hasa yule anayeshughulika na mioyo. Asanteni, murakoze sana.

Mimi mwenye heshima na subira,
Mariyamu, Mama Jamali
Rumonge

Nyongeza: Nimempigia Jamali anipe anwani yenu, ikabidi nimsomee barua. Amecheka mpaka nikaogopa. Anasema, "Mama, mtandao uliniambia kitenge. Cha bluu, cha maua. Nilikataa mimi." Sijui mlijuaje. Nikamuuliza, wewe una wazimu? Akasema ziwa linapanda kila mwaka, maji yameshafika ukuta wa jikoni kwetu, na mvua ikinyesha usingizi unamkimbia huko Bujumbura, anawaza kama mama yake anajua kuogelea.

Sijui kuogelea, Mheshimiwa.

Basi namba 1 mpaka 5 zifuteni, nyinyi hamna kosa. Jile ni nzuri mno, hakuna mama mwingine Rumonge aliyechaguliwa kitu namna hii. Namba 6 na 7 zibaki. Na mnisamehe mwandiko wa hapa chini: nimeivaa ninapoandika, na mikono haishuki vizuri.