Uzinduzi wa Maikrofoni Mbili Sebuleni kwa Fundi Cherehani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Kaimu Mwenyekiti, anayekaimu kwa sababu mimi nimesimama, Ndugu Katibu, ambaye pia ni mbeba mkoba wangu, fundi cherehani mwenye sebule hii, mama yake mzazi, yaani bibi yetu sote, pale kwenye kochi, majirani mlioziba mlango, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Katibu anapiga peke yake.)

Ofisi yangu, kupitia Mradi Jumuishi wa Maikrofoni Mbili kwa Kila Kaya, imebaini, baada ya upembuzi yakinifu wa miaka mitatu na semina elekezi kumi na nne, zote zenye chai, kwamba watu wawili wakigawana maikrofoni moja, mwenye sauti nene humfunika mwenye sauti nyembamba. (Sauti mlangoni: "Hilo hata kuku wangu analijua!") Asante kwa kuniunga mkono.

Kitaalamu, na hapa muandike, kila maikrofoni ikiingia kwenye kompyuta kwa njia yake, bibi akikohoa unakata kikohozi peke yake, swali la fundi linabaki zima. Ifikapo mwisho wa mpango mkakati, asilimia tisini na saba ya vikohozi itakuwa imekatwa. Tatu tutaziacha za akiba. (Kicheko. Katibu anaandika: "Shangwe.")

Nimearifiwa kwamba bibi anapasuliwa koo leo, na daktari kasema sauti huenda isirudi, ndiyo maana fundi alipanga asubuhi hii warekodi podkasti yao, bibi asimulie alivyomkimbia bwana harusi wa kwanza kwa kupitia dirishani. (Majirani: "Mwacheni bibi aseme!") Atasema. Lakini haiwezekani kurekodi kwa kifaa ambacho hakijazinduliwa, na ndiyo maana maikrofoni zote mbili nimeziweka mbele yangu: ya kushoto inapokea ahadi, ya kulia takwimu.

(Bibi, kwa sauti ya kukwaruza: "Baba, fupisha. Gari la hospitali linakuja saa nne.")

Mmesikia? Kaniita baba! Ni viongozi wangapi wanaitwa baba na mtu aliyewazidi miaka arobaini? Basi, nikirejea kwenye mafanikio yangu, ambayo nimeyagawa katika awamu sita...

(Fundi anainuka: "Mzee, nakuomba, hata moja tu niiweke mbele ya mama. Dakika kumi!" Katibu: "Dada, kaa chini. Tuko awamu ya pili.")

(Honi nje, mara mbili. Majirani wanampisha bibi. Fundi anabeba mfuko wa nguo, anamfuata, hageuki nyuma.)

Wametoka kunipisha nimalizie kwa utulivu. Nikisema "Sauti mbili", mseme "Kaya moja". Sauti mbili! (Majirani wanalipungia gari mkono.) Sauti mbili! (Katibu: "Kaya moja!") Mwenyekiti wenu! (Katibu: "Juu! Juu kabisa!")

Mwisho, shukrani. Namshukuru fundi kwa kutuazima maikrofoni zake mwenyewe, alizozipata kwa kushona sare za shule nzima, pamoja na kompyuta yake, meza yake na umeme wake, maana mradi wetu haujawahi kuwa na hata kipande cha waya. Kwa kweli ulizaliwa jana jioni, nilipoambiwa nitafute kitu cha kuzindua. Namshukuru na bibi. Akirudi bila sauti asihuzunike, awekewe ya kwangu asikilize: imerekodiwa kwa saa mbili nzima, kwenye maikrofoni zote mbili.