Seli Yangu Iko kwa Friza

Leo nimeanikwa kama omena juani. Nawaandikia hapa kwa grupu nyinyi wenzangu niliowaacha Kawangware, mapema, kabla Phanice wa kanisa letu hajawafikishia habari yake. Na hasira niko nayo!

Mnamjua mjukuu wangu Celestine, tunamwita Seli, ninayeishi naye hapa Silanga. Yeye peke yake ndiye alijua kwamba mwaka huu nilitolewa uvimbe wa saratani kwenye titi. (Sasa na nyinyi mnajua. Nitafanya nini?) Wamama wa kanisa niliwaambia ni jipu la kwapa. Hapa saratani ikitajwa, watu wanaanza kukuangalia kama wanakupima sanduku. Sikutaka.

Jana Seli alienda Riruta kusuka mtu, akalala huko. Leo mchana simu inalia. Msichana, sauti tamu kama anauza kitu, ananiita shosho kama mjukuu.

"Shosho, ni kuhusu seli yako. Tuko nayo hapa hospitali."

"Seli? Amefanya nini?"

"Iko sawa. Jana tumeigandisha, iko kwa friza."

Friza! "Lakini jana ametoka kwangu mzima!"

"Ndiyo shosho, ilitoka kwako. Tumeigandisha ndiyo isiharibike."

"Mko naye... mzima?"

"Tumeigawa kwa vichupa. Tunaomba tu ruhusa yako tukae nayo, ya utafiti."

Vichupa! Mtoto niliyemlea kwa uji amegawanywa kwa vichupa, halafu mtu ananiomba ruhusa! Nikatupa simu kitandani, nikapiga nduru. Na nduru yangu si ya Nairobi, ni ya kwetu Kakamega.

Ploti ikajaa majirani. Phanice, mwenyekiti wa wamama, alianzisha wimbo kabla ya kuuliza nani amekufa. Mutuku fundi wa viatu akaleta benchi. Peris wa makaa akabandika sufuria kubwa ya chai. (Kwa sukari yangu!)

"Seli alikuwa mtoto wa Mungu," Phanice analia alipoambiwa. Phanice huyo huyo aliyesema Seli ni wa dunia kwa sababu ya trauza!

Katikati ya kilio nikasikia nduru nyingine mlangoni, kali kuliko yangu. Nageuka. Ni Seli! Amebeba nyanya kwa mfuko, ameona watu wanalia, na yeye analia tu, hajui anamlilia nani.

"Kukhu wangu! Nilidhani ni wewe umekufa!"

"Na mimi nakulilia wewe!"

Peris akamwaga chai.

Simu ikalia tena. Seli, kwa akili zake, akaifungulia sauti ndiyo wote wasikie. Wakasikia.

"Shosho, ulikata? Ni zile seli za saratani, tulizitoa kwa titi lako, tukazikuza miezi hii yote hadi jana. Ni vitu vidogo vidogo vya mwili. Tunaziweka kwa baridi kali zikae hai, ndiyo tuzijaribishie dawa."

Sasa ndiyo anasema "zile"! Mwanzo ilikuwa "yako", "iko", "nayo". Hiki Kiswahili cha Nairobi, cha kuita hata mtu "iko", kitaua mtu! Na daktari aliponiomba huo uvimbe wabaki nao wausome, alisema "kanyama". Kanyama nilikubali. Seli ilitoka wapi?

Phanice akadakia: "Titi? Si sisi tuliombea jipu?"

"Mliombea jirani yake," nikamjibu.

Wote wakageuka kuangalia kifua changu. Hata Mutuku!

"Mutuku, kazi yako ni viatu! Angalia chini!"

"Shosho," simu bado inaongea, "kwa hivyo tuziweke?"

"Wekeni! Na mtafute hiyo dawa haraka! Huko kwa friza angalau hakuna Phanice."

Chai iliyobaki wakainywa yote. Wakati wa kuaga, Phanice akanishika mkono polepole, akaupapasa, kama mtu anaosha maiti. Hicho ndicho nilikuwa nakimbia miezi yote hii! Nikamwambia, "Phanice, wewe ndiye nitakuzika."

Asicheke mtu hapa. Atakayecheka namjua kwa jina, na la mamake pia.